Waliokwisha Kuagwa

Kavira alisimama mlangoni kwa Mama Esperansi kuomba sufuria ambayo yeye mwenyewe alikuwa amempa siku nne zilizopita. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka kanisani, lakini alipofika yakamkauka, akabaki kupiga hodi mara mbili hali mwenye nyumba amekaa pale pale anamtazama.

"Mama Masika," alisema Mama Esperansi, akiweka chini ungo wa maharage. "Jumatatu si nilikulilia hapa mpaka kamasi? Na machozi yangu nayo utanirudishia?"

Mdomo wa mama huyo haukuwa na breki, na mtaa mzima wa Rukoma ulilijua hilo. Lakini safari hii hata Kavira aliona ana haki. Jumatatu wanawake wa kwaya walikuwa wameimba mpaka sauti zikawapwelea. Mchungaji aliwawekea mikono watu wanne wa nyumba ile: Paluku, fundi seremala, Kavira mkewe, Masika, binti yao wa miaka kumi na sita, na Muhindo wa miaka minane. Mbuzi wawili walichinjwa. Paluku alivaa viatu vyeusi vipya vya safari, akagawa randa na misumeno yake kwa vijana wa karakana, na Kavira akagawa vyombo. Wakapanda basi la kwenda kituo cha wasafiri, watu wakilikimbilia na kupunga vitambaa. Marekani, jamani, baada ya miaka kumi na moja ya kambi ya wakimbizi. Alhamisi lori la kuni likawashusha barabarani pamoja na mabegi yao yale yale.

Kule kituoni, katika kipimo cha mwisho kabisa, daktari alimlaza Paluku kitandani, akambonyeza chini ya mbavu za kushoto, na mkono wake ukasimama hapo hapo. Zilikuwa zimebaki siku mbili wapande ndege.

"Kukurudishia sikurudishii," alisema Mama Esperansi. Aliingia ndani, akatoka na sufuria. "Kitu cha msafiri nikikirudisha nimemvuta mguu ashuke kwenye ndege. Sufuria ni yangu sasa. Ninakuazima. Kila jioni uioshe, uilete hapa."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni Kavira aliisugua sufuria yake mwenyewe kwa jivu na kuirudisha kwa mtu mwingine, na asubuhi akaenda kuiomba tena. Nyumba yao walikuwa wameshapewa wageni waliovuka mpaka juzi, mama mmoja na watoto watano, na ungemtoaje? Kadi ya chakula ilikuwa imefungwa siku ile ile ya basi, na kuifungua kulitaka wiki sita. Mchungaji aliwapa stoo ya kanisa, chumba cha mabenchi na ngoma, wakalala katikati ya vitu vya ibada kama vitu vingine vilivyosubiri Jumapili.

Dakta Atim wa zahanati ya kambi alikuwa mama mnene wa kutoka mji wa Lira. Kiswahili alijifunzia kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua zaidi maneno ya maumivu. Alimpaka Paluku mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa cha mashine, akageuza kioo ili Kavira naye aone. Kavira aliona kivuli tu.

"Bandama la mtu hujificha chini ya mbavu," alisema. "Hulishiki. La baba huyu limetoka, limeshuka vidole tisa. Linakaribia kitovu."

Aliwaeleza kwamba ni malaria, tena si ya jana. Ni malaria juu ya malaria, mwaka juu ya mwaka, mpaka mwili umezoea kupigana, na bandama limeendelea kuvimba hata homa zilipoacha kuonekana. Amewaona wengi, hasa wanaotoka ng'ambo ya mpaka. Kavira alisema mumewe si mgonjwa, anakula, anaranda mbao kutwa nzima. Daktari akasema ndiyo, ndivyo walivyo wote. Kisha akaweka kidole juu ya safu za makovu madogo meusi ubavuni mwa Paluku na kuuliza ni nani aliyemchanja.

"Bibi yangu, kwetu Semuliki. Nilikuwa mtoto. Nikapona."

"Homa ndiyo iliyopona, Baba."

Paluku aliuliza kama haliwezi kukatwa tu likatolewa, wakamaliza. Daktari alikataa. Mtu asiye na bandama, alisema, kigonjwa kidogo tu humwangusha. Watapima damu kwanza waone kama inaivumilia dawa, kisha atameza za siku tatu, halafu nyingine kila wiki, naye atalala ndani ya chandarua bila kukosa. Kazi nzito asifanye. Tumbo lisikandwe wala lisichanjwe. Bandama la namna ile lilikuwa kama parachichi lililoiva kupita kiasi, na likipasuka, damu hujaa tumboni mtu akafa kabla ya kufika barabarani, seuze akiwa angani. Ndiyo maana wenye ndege walimkataa.

"Baada ya miezi mitatu nitapima tena. Likipungua vya kutosha, nitaandika cheti. Vipimo vya mkeo na watoto bado vina miezi minne kabla ya kuisha, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini hili si jambo la kuharakishwa."

Walirudi kwa miguu mpaka kisimani. Hapo Paluku akasema, "Watu wanne wamekaa chini kwa sababu ya tumbo langu." Kavira akamwambia aache ujinga. Lakini kwa kweli hata yeye alikuwa ameshalifikiri hilo, tena mara mbili, na aliona haya.

Tumbo hilo sasa likawa mali ya umma. Zamani watu walidhani Paluku ana kitambi cha kawaida cha mtu mwenye kazi. Waliposikia habari ya bandama, kila aliyempita alilitazama kwanza kabla ya kumtazama usoni. Vijana wa karakana walimwita Kitambi cha Marekani, wakamwuliza viza ya tumbo imetoka lini. Alikuwa akienda kukaa nao kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na alimwona kijana akiparaza ubao kwa randa ile ile aliyomgawia, akiisukuma dhidi ya nyuzi za mti. Alimkosoa mara moja. Kijana akamjibu kwa adabu tu, "Mzee, wewe si uko safarini?"

Masika naye alikuwa na yake. Shule ilikuwa imemfuta jina. Alirudi darasani akakuta dawati lake lina mwenyewe, akasimama nyuma siku mbili, siku ya tatu akabaki stooni. Wasichana wenzake walimwuliza Marekani kukoje.

Kavira alilima ubavuni mwa kanisa kipande kidogo kama mkeka, kwa jembe la kuazima, akapanda lengalenga, mchicha wa kwao. Mama Esperansi alimwambia aje achukue kona ya shamba lake na vijiti vya mihogo, bure. Kavira akakataa. Muhogo hukaa ardhini karibu mwaka mzima, na kupanda muhogo ni kukiri. Lengalenga ni wiki tatu, unachuma, unakula, ukiitwa unaondoka.

"Lengalenga, lengalenga," alisema Mama Esperansi. "Mtaota mabawa ya kijani."

Kila Jumapili, watu wakishatawanyika, Paluku alilala juu ya benchi stooni na Kavira akampima. Hakufundishwa na mtu. Aliona tu jinsi daktari alivyoutafuta ukingo kwa vidole, akachana utepe kwenye pindo la kitenge chake. Ncha moja aliiweka kwenye ubavu wa mwisho, akaushusha utepe huku ncha za vidole zikipapasa bila kubonyeza, na pale ugumu ulipoishia akapiga fundo. Jumapili ya kwanza fundo lilikuwa chini kabisa. Jumapili ya tatu lilipanda kidogo. Ya sita likapanda tena. Mafundo yalijipanga kwenye utepe, kila moja juu ya mwenzake, na Kavira akiwa peke yake aliyagusa ndani ya pindo la nguo yake, moyo ukatulia.

Paluku hakuamini. Suruali ilimbana vile vile, maana siku hizi alikula uji na kukaa.

"Kitenge hunyooka," alisema.

"Hiki hakinyooki."

"Wewe unapima kwa huruma, Mama Masika. Kila mtu hapa ananionea huruma. Mchungaji ananiambia nimekonda uso. Daktari anatabasamu. Na wewe una kitambaa chako."

Kavira aliudhika kweli kweli. Akamwambia kama angekuwa anapima kwa huruma si angesema limekwisha, wakalale? Kwa nini ajichoshe kutafuta nusu kidole kila wiki? Paluku akacheka kidogo, akavaa shati, akasema sawa. Kwa jinsi alivyosema sawa, Kavira alijua hajaamini.

Wiki mbili kabla ya siku ya daktari, Paluku alianza kulala na shati. Alisema anasikia baridi. Jumapili alikataa kulala kwenye benchi, akasema tungoje mashine, mashine haina ndoa na mtu. Kavira akamwacha. Alidhani ni woga, na woga hata yeye alikuwa nao.

Asubuhi ya siku yenyewe alifungua begi amtolee viatu vyeusi vya safari, ili aende kwa daktari kama mtu. Havikuwamo. Paluku alisema amemwazima shemasi kwa ajili ya arusi ya mwanawe. Akavaa ndala, wakaondoka. Njia nzima Kavira alijiuliza ni arusi gani hiyo, maana arusi za Rukoma zote alizijua.

Dakta Atim alimwambia avue shati. Paluku alilegeza vifungo pole pole, na upande wa kushoto nguo ikakataa kutoka. Ilikuwa imegandia mwilini. Daktari aliilowesha kwa maji, akaibandua.

Chini yake, juu ya makovu ya zamani, kulikuwa na safu tatu za chale mpya zilizopakwa jivu. Nyingi zilikuwa zimefunga. Mbili zilikuwa na usaha. Kavira akakaa kwenye ndoo ya takataka bila kujua ni nini.

"Nani?" aliuliza daktari.

Paluku alimtaja Koko Nzyavake, yule bibi wa kule kisima cha pili. Daktari aliuliza kama wembe ulikuwa mpya. Aliuliza siku hiyo kwa Koko walikuwepo watu wangapi. Paluku akasema walikuwa watano, wawili wao watoto, na yeye alikuwa wa mwisho.

"Ukamlipa nini?"

"Viatu."

Daktari hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisafisha vidonda, akaviziba, kisha akapitisha kifaa kuzunguka pembeni, taratibu, akipima na kupima tena. Mwishowe akafuta mikono.

"Limepanda," alisema. "Lilikuwa vidole tisa. Sasa ni vitano."

Paluku aliinua kichwa. "Ni chale," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha iliyomwumiza Kavira kuliko vile vidonda.

Kavira alifungua pindo la kitenge, akatoa utepe. Akampa daktari. Dakta Atim aliuangalia, akaelewa, akaweka ncha kwenye ubavu wa mwisho na kuushusha mpaka kwenye alama aliyoichora. Fundo la juu kabisa, lile la Jumapili ya mwisho kabla ya Paluku kuanza kulala na shati, lilitua chini ya alama kwa unene wa kidole kimoja tu. Chale zilikuwa zimekuta kazi karibu imekwisha.

"Ni dawa, Baba," alisema daktari. "Mkeo alikuwa anakwambia kweli. Ungekuja bila vidonda hivi, leo ningekuandikia cheti."

Paluku aliutazama utepe. Hakumtazama mkewe.

Daktari akaeleza yaliyobaki, na Kavira aliyasikia kwa mbali. Wembe uliopita kwa watu watano unaweza kupitisha magonjwa ya damu, na mengine hayaonekani leo. Lazima damu ipimwe sasa, ipimwe tena baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo hawezi kutia sahihi, hata angetaka. Alisema pole. Akampa dawa ya vidonda na nyingine ya kumeza, na akaandika jina la Koko kwenye daftari ili waende wakawatafute wale wanne.

Karani wa ofisi ya safari aliitwa Byaruhanga, kijana mpole mwenye sweta, ambaye hata kukataa alikataa kwa upole. Alifungua faili, akahesabu miezi kwa kalamu. Vipimo vya Kavira na watoto vitaisha mwezi ujao. Vikiisha, nyumba nzima inaanza upya: picha za kifua, damu, mahojiano yale ya kuulizwa jina la shangazi wa baba mara tatu. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa zaidi, yeye hawezi kudanganya. Lakini kuna njia. Faili linaweza kugawanywa. Tarehe kumi na sita kuna viti. Mama na watoto watangulie, baba afuate akipona.

"Atafuata lini?" aliuliza Kavira.

"Hiyo siwezi kuandika, mama. Mnijibu Ijumaa."

Usiulize siku tatu zile zilipitaje. Masika alisema waziwazi kwamba anataka kwenda. Alisema miaka yake yote ameishi mahali pa kungoja, na sasa baba amewafungia mlango kwa wembe. Muhindo aliuliza kama kuna mtu atampa baba dawa za kila wiki, kisha akaenda kucheza. Kavira alikuwa anamfikiria Mama Kahambu wa mtaa wa chini, aliyetangulia na watoto miaka sita iliyopita. Mumewe bado yupo, bado anafuata. Mwezi uliopita alimpigia simu mwanawe mdogo, na mtoto akauliza kule, kwa lugha ya kule, ni nani huyu. Mwanamume mzima alisimulia hayo kanisani, akashindwa kumaliza.

Alhamisi jioni Paluku alimkuta Kavira anachambua lengalenga nje ya stoo. Akachuchumaa, ubavu ukamzuia, akakaa chini kabisa.

"Nendeni," alisema. "Nimefikiri. Mimi ni mtu mzima, nitakuja."

"Na Koko akikwambia ana dawa ya kupunguza mwaka uwe wiki?"

"Mama Masika..."

"Nimekukasirikia, Paluku." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mwana wa kwanza azaliwe. "Ungeniuliza. Usiku mmoja tu ungeniamsha, ukaniambia huniamini, tungegombana mpaka asubuhi, lakini viatu vingekuwa ndani ya begi. Nimekukasirikia mpaka nikikuona unakula nataka kukunyang'anya sahani."

"Najua."

"Hujui. Nikipanda ndege na hasira hii nitafika nayo, na huko hakuna wewe wa kuipunguzia. Itakaa. Sitaki kukukasirikia nikiwa mbali." Aliendelea kuvunja mabua, moja moja. "Sijui itaisha lini. Lakini siku itakapoisha nataka uwe hapa nikuone."

Paluku alilia. Alilia bila kujificha, mkono mmoja umeshika ubavu kama alivyoagizwa afanye akikohoa. Kavira hakumbembeleza. Alimsogezea bakuli la mboga, naye akaanza kuchambua.

Ijumaa Kavira alimwambia Byaruhanga hapana. Kijana akamwuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akampa karatasi atie kidole kwamba amekataa kwa hiari yake mwenyewe. Kavira alitia kidole. Akapewa kitambaa cha kufutia wino. Alipotoka, Masika, aliyekuwa akingoja nje, alimtazama mkono, akageuka, akatangulia nyumbani peke yake. Binti huyo hakuzungumza na baba yake mpaka mvua zilipokwisha.

Kavira hakwenda moja kwa moja stooni. Alipita kwa Mama Esperansi, akapiga hodi mara moja.

Mama Esperansi alikuwa anatwanga. Alimwona, akasema sufuria iko pale pale, lakini leo si ameshaitumia na kuirudisha, au amekuja kuichungulia inalalaje? Kavira akasema hakufuata sufuria. Anaomba jembe, siku mbili tatu.

"La lengalenga? Si una mboga huko za kulisha ng'ombe."

"Nataka ile kona ya shamba. Kama bado ipo. Na vijiti vya mihogo."

Mchi ulisimama kinuni. Kavira alingoja. Alikuwa amejiandaa njia nzima kwa neno lolote: Marekani imehamia Rukoma, ndege imeota mizizi, chochote. Alilitaka hilo neno. Angeudhika, angejibu, na mambo yangekuwa kama jana.

Mama Esperansi hakusema kitu. Aliweka mchi, akaingia ndani, akakaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa na jembe begani na fungu la vijiti vya mihogo, na mkono wa pili amebeba sufuria, imesuguliwa, kifuniko juu.

"Chukua," alisema, akimwekea mikononi, bila kumtazama. "Ni yako. Usiirudishe tena."